Emacs inasukuma mabano yangu ndani, nifanye aje?

MwanaBirere: Bakubwa jambo. Niko hapa Goma najifunza C (luga ya programu) na Emacs (edita ya kuandika kodi), sasa kila nikiweka bano { chini ya if, edita inalisukuma ndani espasi mbili, kisha kodi yenyewe inaingia tena zingine mbili. Narekebisha na mukono, nikigusa Tab inarudi pale pale. Mashini imeharibika ao ni mimi?

yaya_kadutu: Mudogo, hakuna kilichoharibika, ile njo staili ya GNU (mradi wenye ulitengeneza Emacs), Emacs inakuja nayo kwa C. Mimi pia siipendagi. Fungua .emacs yako (faili ya mipangilio ya Emacs), andika:

(setq c-default-style "linux" c-basic-offset 4)

Bila ile 4 itakusukuma espasi 8 kila hatua, njo desturi ya Linux. Faili ya zamani: C-x h (Ctrl na x, kisha h) kuchagua yote, kisha C-M-\ (Ctrl, Alt na \ pamoja) inapanga upya. Lakini kupandisha bano mwisho wa mustari wa if ni kazi ya vidole vyako, Emacs inapanga umbali tu.

Lushois_C: Ongeza na (setq-default indent-tabs-mode nil), juu bila ile inachanganya taba na espasi, kwako unaona sawa, kwa mwenzako mwenye taba ya 4 yote imepinda kama barabara ya mvua. Siye ba Vim (edita ingine) tunapiga gg=G tu, inapanga faili yote, tunaenda kula bukari 😂

MwanaBirere: Imekubali yaya, aksanti! Ile 8 nimeiona kweli, nilisahau kuandika 4.