Alamu, GPS au swichi ya siri: nifunge ipi?

Mtoto wa Tabata: Wakuu heshima kwenu. Nimevuta gari wiki jana na nataka kulifungia ulinzi kabla mwezi haujaisha. Fundi mmoja anataka 150,000 afunge alamu na rimoti mbili. Mwingine ananiambia niachane na alamu, niweke GPS. Jirani naye anasema swichi ya siri, ile ya kufichwa inayokata umeme gari lisiwake, inatosha, mengine kupoteza hela. Nishaurini.

Fundi Waya: Gari gani? Mwaka gani? Linalala wapi? Ufunguo una chipu? Hujasema hata kimoja.

mama_Keti: Na unachoogopa kuibiwa ni gari au vioo? Hapa Dar wengi wanaamka gari lipo, saiti mira hazipo.

Mtoto wa Tabata: Samahani wakuu. Toyota IST ya 2004. Linalala nje ya geti, nimepanga na ndani hakuna nafasi. Chipu sijui inaonekanaje.

Fundi Waya: Lizime, toa ufunguo, angalia dashibodi. Kama kuna kitaa chekundu kinapepesa, basi lina ulinzi wa kiwandani, bila ufunguo wake wenye chipu haliwaki kirahisi. Hapo alamu itakupa kelele na kufunga milango kwa rimoti, basi. Muulize fundi anakata waya gani ili alamu izuie gari kuwaka. Akate starta, asiguse pampu ya mafuta. Rilei, ile swichi ya umeme ya pampu, ikifa barabarani, gari linazima ukiwa unalipita lori. Rimoti nayo iwe ya kodi, yaani namba ya siri, inayobadilika kila ukibonyeza, zile za kodi moja zinanakiliwa.

Mzee wa Korola: Mwanangu, ngoja nikusimulie. Korola yangu nilifungiwa alamu na fundi wa chini ya mwembe, bei poa. Mvua ya kwanza tu, saa tisa usiku ikaanza kulia. Nikatoka na taulo, nikazima, nikarudi kulala, ikalia tena. Usiku wa tatu majirani hawakuamka hata kuchungulia. Nikamrudia, akapunguza ukali wa sensa kwa sababu kwetu malori ya mchanga yanapita. Wezi wakaja, wakang'oa vioo vyote viwili, alamu kimya! Haikuishia hapo. Tunakwenda msibani Morogoro, nimebeba shemeji wawili, tumesimama Chalinze kununua maji, gari likagoma kuwaka. Fundi wa pale akafungua chini ya usukani, akacheka. "Mzee, hii ni waya ya spika." Yaani alinikatia swichi ya ufunguo akaunga na waya ya spika, kwa kusokota na selotepu. Imeungua yote. Msiba nilifika watu wanakunja maturubai.

Bandika Bandua: Pole mzee, ila hapo kosa ni la fundi, usiisingizie alamu. Mimi ni GPS tu. Naliona gari kwenye simu.

mama_Keti: Ukiliona liko Mbagala saa nane usiku utalifuata peke yako? Na siku laini ya simu iliyo ndani ya GPS ikiishiwa bando?

Bandika Bandua: Dada, bando naweka la mwaka mzima. Polisi nao wakiwa na pa kuanzia si haba.

Chuma cha Pwani: GPS ilimpendeza zaidi mke wangu. Sasa nikipita kwa washkaji dakika kumi, simu inaita.

Fundi Waya: 😂 Turudi kwenye mada. Vioo na taa andika namba ya gari. Mwizi akiiona anasita.

Chuma cha Pwani: Kuchora gari kama daftari? Siku ya kuuza je?

Fundi Waya: Namba inabaki na gari, mkuu. Mnunuzi anarithi maandishi yake.

Mzee wa Korola: Na mimi naunga mkono maandishi. Hayahitaji betri.

Mtoto wa Tabata: Nimeangalia, kitaa kinapepesa. Yule wa 150,000 nimempigia, anasema anakata pampu "ndiyo kawaida". Nilipomuuliza anaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha au kwa selotepu, akanuna. Fundi Waya, upo sehemu gani?

Kobe Mwendokasi: Samahani kuingilia. Kuna mwenye saiti mira ya Vitz, ya kushoto? Yangu imeondoka jana.

mama_Keti: Wamekuachia ya kulia?

Kobe Mwendokasi: Ilikuwa upande wa ukuta.