Mdogo wangu na vumbi la mgodini Mererani, naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Mdogo wangu ni mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, Mererani, anachoronga mwamba kwa mashine, kavukavu, bila maji. Akitoka shimoni kope na tundu za pua zimejaa vumbi la kijivu. Kinga yake ni kitambaa tu cha mdomoni, na vumbi laini la silika linapenya humo bila shida.

Aliugua TB, akamaliza dozi ya miezi sita, makohozi yakapimwa yako safi. Lakini bado kikohozi hakikati, na kilima kidogo tu anahema. Nahofia silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, maana haiponi na inamweka mtu karibu na TB tena.

Waliopitia haya: nimpeleke moja kwa moja Kibong'oto, hospitali ya TB na magonjwa ya kuambukiza, apigwe eksirei na kupimwa pumzi, au nianzie hospitali ya wilaya? Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamsaidiaje mtu asiye na mkataba, anayelipwa mawe yakitoka? Tajiri wake anasema hamtambui, jambo linaloniumiza sana.

Anataka kurudi shimoni. Mwenye kujua kazi ya juu isiyo na vumbi, tafadhali anielekeze.