Ramani ya zamani inaonesha falaji, nikienda siioni. Naomba ushauri

Mtende_Sharqiya: Assalam alaykum wanajamvi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, sasa naishi Maskati. Babu yangu mzaa baba aliondoka kijijini kwao upande wa Ibra, huku Oman, akiwa mdogo, akapanda jahazi, hakurudi tena. Nimepata nakala ya ramani ya Waingereza ya miaka ya 1980, kipimo cha 1:100,000, na kijiji kimo. Kuna mstari wenye vidoto unaotoka chini ya vilima mpaka kwenye mashamba ya mitende. Nimeambiwa hiyo ni falaji, njia ya kale ya kuleta maji mashambani. Nilikwenda na simu mkononi mpaka pale ramani inapoonesha, nikakuta changarawe tupu. Je, mstari ukiwa umechorwa ina maana maji yapo chini mpaka leo? Na kina chake mtu anakijuaje? Nimekosa usingizi kwa jambo hili, mwenye ujuzi anisaidie.

Bi_Mkarafuu: Wa alaykum salaam mwanangu. Umenikumbusha marhumu baba. Alikuwa na mikarafuu yake Pemba, lakini ukimuuliza kwenu wapi anakutajia falaji ya kwao na zamu ya maji ya baba yake, usiku gani na nyota ipi. Shamba lenyewe hakuwahi kuliona tangu utoto. Nilipokwenda Rustaq, kwao huko Oman, mara ya kwanza niliingiza miguu kwenye maji yale nikalia mbele ya watu. Nenda tu mwanangu, ukawasomee Fatiha wazee wako.

Dogo_wa_Temeke: Mkuu, hizo falaji si wanasema zilichimbwa na majini? Usije ukazibua shimo ukatoka na mkataba.

Bi_Mkarafuu: Inasimuliwa Nabii Suleiman alikaa Oman siku kumi, na kila siku majini wakamchimbia falaji elfu moja. Si jambo la kuchekea.

Fundi_Ramani: Tuanze na kwa nini hukuiona. Tazama maandishi ya pembeni ya karatasi yako. Ramani nyingi za zamani za Oman zilipimwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Fahud. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukihamisha namba kavukavu bila kuzigeuza, unasimama mita mia kadhaa mbali na mahali penyewe. Changarawe uliyoikuta ni ya jirani.

Pili, usitafute mfereji. Falaji ya aina yako, inayoitwa daudi, ni handaki. Linaanzia kwenye kisima mama karibu na vilima, linashuka kidogo kidogo mpaka linatokeza juu penye mashamba, na njiani kuna mashimo ya hewa na ya kutolea udongo. Vile vidoto ndivyo hivyo. Tafuta duara za udongo zilizopangana. Na soma mistari ya mwinuko: handaki halipandi mlima, kwa hiyo ukilinganisha mwinuko wa kisima mama na wa pale maji yanapotokeza utapata makisio ya kina. Makisio tu.

Ama swali lako la kwanza, jibu ni hapana. Mchoraji alichora alichokiona mwaka ule. Hesabu ya taifa ya miaka ya 1990 ilikuta falaji 4,112, zilizo hai 3,017. Zaidi ya elfu moja zilikuwa zimekufa, na mistari yake bado imo kwenye ramani.

Sasa na mimi nikuulize: unataka kununua kitu pale?

Mtende_Sharqiya: Ahsante sana Fundi, Mungu akulipe. Hapana, ni historia ya ukoo tu. Nataka watoto wajue walikotoka.

Mwana_wa_Likoni: Historia ni tamu ndugu yangu. Sisi huku Mombasa tukisikia Imamu Seif bin Sultan wa Oman tunakumbuka Ngome ya Yesu ilivyoanguka mwaka 1698. Lakini Waomani wanamkumbuka kwa maji: inasimuliwa alifufua falaji kumi na saba na kupanda mitende thelathini elfu. Mtu mmoja huyo huyo! Shuleni tulifundishwa mizinga, hatukufundishwa mitende. Babangu alikuwa na kisima pale Mtongwe, kikaingia chumvi, tukabaki kununua maji kwa mikokoteni miaka na miaka. Maji bwana, wacha tu.

Fundi_Ramani: Mtende, mtu wa historia haulizi kina.

Bi_Mkarafuu: Hata mimi nimeliona hilo. Sema mwanangu, hapa hakuna adui yako.

Mtende_Sharqiya: Basi. Shamba lililo mwisho wa ule mstari linauzwa. Nimeshatoa arbuni. Iliyobaki natakiwa kuimaliza kabla ya Ramadhani. Mitende mingi imekauka, lakini mwenyewe anasema falaji imeziba tu, ikisafishwa maji yanarudi, ndiyo maana bei iko chini. Ndipo nikaitafuta ramani, ili nihakikishe. Nimeikuta falaji imechorwa, moyo ukatulia. Nilitaka kujua kina ili nijue gharama ya kusafisha. Jamani, lile huenda ndilo shamba alilozaliwa babu yangu. Haliji sokoni mara mbili.

Fundi_Ramani: Karatasi uliyotiliana saini inasema umenunua ardhi au umenunua maji?

Mtende_Sharqiya: Inasema shamba na mitende na haki zake zote.

Fundi_Ramani: Hapo ndipo penye moto. Sehemu nyingi za Oman maji ya falaji ni mali mbali na ardhi. Yanamilikiwa kwa muda: athar moja ni kama nusu saa, ishirini na nne ni badda, yaani nusu siku. Mzunguko ukiisha zamu inarudi kwako. Athar zinarithiwa, zinauzwa, zinakodishwa kwa mnada, na nyingine ni wakfu wa msikiti. Mtu anaweza kuwa na mitende mia asiwe na hata dakika moja ya maji. Falaji inaweza kuwa hai kabisa, na shamba lako likakauka kwa sababu zamu yake iliuzwa zamani kwa jirani. Hilo huwezi kulisoma kwenye ramani yoyote, ya jana wala ya leo.

Mtende_Sharqiya: Nimekuelewa, lakini nikikosa zamu nitachimba kisima na kuweka pampu. Watu wengi wamefanya hivyo.

Kisima_Kirefu: Wamefanya, njoo huku pwani ya Batinah uone walipofika. Pampu zilipokuja kila mtu akavuta kadiri ya nguvu zake, maji matamu yakashuka, bahari ikaingia chini ya ardhi. Ami yangu alikuwa na mindimu na miembe, leo imebaki mitende ya pembeni, nayo majani yameungua kwa chumvi. Kisima kinataka kibali, na karibu na kisima mama cha falaji usitegemee kukipata. Sheria hiyo ni ya haki. Anayevuta juu anamkausha aliye chini.

Ustadh_Mkunazini: Mimi naona jambo moja tu hamjaliuliza. Pesa imetoka wapi?

Mtende_Sharqiya: Ni sehemu ya nyumba ya bi mkubwa, Unguja, tuliyoiuza baada ya yeye kufariki. Nina dada zangu wawili. Fungu lao ninalo mimi mpaka sasa. Nimewaambia nalizungusha, na shamba likisimama nao watakuwa na sehemu yao. Ni la babu yao pia.

Ustadh_Mkunazini: Fungu la dada zako ni amana. Haizungushwi bila ridhaa yao, hata kama unawanunulia pepo.

Nyoka_wa_Mdimu: Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Kajiunga mwezi huu, kijiji hakitaji, halafu ramani ya jeshi la Waingereza raia wa kawaida kaitoa wapi? Kesho ataomba mchango wa kuzibua falaji.

Dogo_wa_Temeke: Hahaha, chai ya rangi hiyo, na tangawizi juu.

Mtende_Sharqiya: Wallahi sijaomba senti ya mtu. Kijiji sikitaji kwa sababu muuzaji akisikia nina shida atapandisha bei au atamuuzia mwingine. Nakala nimeipata kwa muuza ramani za zamani wa Ulaya. Mashamba yamepigwa kijani, wadi, yaani mabonde ya maji ya mvua, ni buluu ya vipande vipande, na pembeni majina yana maandishi ya Kiarabu na ya Kilatini. Anayeijua ataniambia kama naongopa.

Fundi_Ramani: Karatasi hizo zinapatikana, na maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya wanazo. Tena si lazima umwamini Mtende. Marekani walikuwa na setilaiti za kijasusi za Corona, zilipiga picha tangu 1960 mpaka 1972, na zikafunguliwa kwa umma 1995. Kwenye picha hizo mashimo ya falaji yanaonekana kama mfuatano wa pete ndogo. Mtende, weka picha ya Corona, ramani yako na picha ya leo ya setilaiti juu ya nyingine, zote kwa WGS84. Tazama kijani kimepungua kuanzia upande gani. Kikikauka kuanzia mkiani, mwisho wa falaji, maji yamepungua. Kikikauka shamba moja katikati na majirani wako kijani, falaji ni nzima, zamu ndiyo iliyoondoka.

Mtende_Sharqiya: Nimerudi. Nimegeuza namba kama ulivyosema, nikaenda tena. Duara za udongo nimezikuta, zimepangana kuelekea vilimani, moja imefunikwa kwa mawe. Na kwenye picha ya leo shamba ninalolinunua ni kahawia, la juu yake na la chini yake ni kijani.

Kisima_Kirefu: Lahaula.

Mtende_Sharqiya: Hata hivyo sirudi kudai arbuni. Nikipata athar za kununua nitanunua.

Fundi_Ramani: Basi kabla ya kumpa muuzaji chochote, nenda kwa wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, baada ya sala ya Ijumaa, na yule anayegawa zamu, anaitwa arifu, naye awepo. Waulize athar za shamba lile ziko kwa nani, na kama ziko msikitini zinakodishwa lini. Mtaje babu yako kwa jina la ukoo. Wazee wa Sharqiya, upande huo wa Ibra, wanawajua waliokwenda Unguja, na huenda wakakuonesha shamba lake hasa, maana ramani haikuandika ya nani.

Bi_Mkarafuu: Na dada zako umeshawapigia?