Skrubu mbili za amplifaya nimezikuta ndani ya spea tairi. Mafundi redio mna nini na sisi?

Wakuu, heshima kwenu. Nimejizuia wiki nzima nisiandike kwa hasira, nimeshindwa. Nivumilieni.

Gari yangu ni Toyota IST, zile za mwanzo, ya 2004. Wenye nazo mnalijua buti lake: mabegi mawili na ndoo ya samaki, limejaa. Mwezi wa nne nikajipatia sabufa ya inchi 12 ikiwa ndani ya boksi lake, na amplifaya ya chaneli mbili. Vyote mtumba, lakini vizima. Nikapeleka kwa fundi mmoja Gerezani, hapa Dar. Simtaji, na msinibane kwenye komenti. Ufundi tukaelewana elfu 60, waya juu yangu.

Sasa sikilizeni alivyochagua mahali pa kufunga. Alifungua buti. Akatazama. Akaligonga boksi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasema, "Bosi, amplifaya tunaipiga mgongoni mwa boksi, boksi tunalisukuma mpaka ligote kwenye kiti, mchezo umeisha." Sekunde 15 hazikufika. Hakuuliza kama kiti cha nyuma huwa nakilaza. Hakuuliza kama nabeba mizigo, spea tairi iko wapi, wala tangi la mafuta limepita wapi. Na mimi kwa ushamba wangu nikaitikia, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya nne, foleni ya Mbagala, jua la saa tisa, muziki ukakata. Redio inawaka, spika za milangoni zinalia, sabufa kimya. Baada ya kama robo saa ikarudi yenyewe. Kesho yake hivyo hivyo. Nikapitisha mkono kule nyuma ya boksi, wakuu, nilitoa mkono haraka kama nimegusa pasi.

Na hapa niwape hesabu ambayo laiti ningeifanya kabla. Amplifaya yangu imeandikwa wati 1500 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Fyuzi yake ubavuni ni ya ampea 30. Gari likiwa linanguruma, umeme unakuwa kama volti 14. Zidisha: 420. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia bila fyuzi kukatika, sasa 1500 zinatoka wapi, kwa mganga? Na hata hizo 420 hazitoki zote kama besi. Amplifaya za aina ya AB kama hii yangu, karibu nusu ya umeme inageuka joto. Kwa hiyo kile kidude ni jiko. Yale mapezi yake ya alumini hayakuwekwa kwa urembo, yanataka hewa ipite. Fundi kachukua jiko, kalibana katikati ya mbao na sponji ya kiti. Kujizima ilikuwa inajiokoa tu, maskini.

Halafu kuna mtikisiko. Boksi la sabufa ndilo linalotetemeka kuliko kitu chochote ndani ya gari, na yeye ndipo alipoona panafaa kubandika kifaa chenye lehemu ndogo ndogo ndani. Skrubu moja ilikuwa imeshaanza kujifungua yenyewe.

Nikarudi. Akacheka. "Bosi, ungesema mapema, tunaipeleka chini ya kiti cha abiria." Nikaona sawa, chini ya kiti kuna nafasi. Akaisukumiza pale, juu ya kapeti, bila hata kuikaza. Nimekuja kujua baadaye kwamba chini ya kiti panafaa kweli kwa amplifaya ndogo, ila kuna masharti: uinue kidogo isilale kwenye kapeti, waya zikae mbali na reli za kiti, na ukikuta plagi za njano kwenye Toyota usiziguse kabisa, hizo ni za eyabegi. Huyu bwana hakutimiza hata moja. Wiki ya pili mama watoto akasogeza kiti mbele ili mtoto akae vizuri nyuma, tukasikia "tss", reli imeuma waya wa spika. Na maji je? Bomba la kutolea maji ya AC likiziba, maji yanaishia miguuni kwa abiria. Ongeza masika, ukipita Jangwani siku mbaya. Umeme na maji tumeviweka chumba kimoja.

Kitu kingine kilichoanza hapo ni mluzi. Ukikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Ukiachia, unashuka. Nikamwambia. Akasema redio yangu mbovu, ninunue filta ya elfu 15. Nikanunua! Mluzi ukabaki, elfu 15 ikaenda. Kumbe alipitisha waya mnene wa betri na waya za sauti za RCA upande mmoja, amezifunga pamoja kwa tepu nyeusi kama kuni. Waya wa betri upite kushoto, RCA kulia, hilo ni somo la darasa la kwanza.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifikisha hapa. Safari hii akasema, "Sasa bosi tunaikaza sakafuni mwa buti, haitoki mpaka gari liuzwe." Alisema kweli, haikutoka. Alichukua drili, akaikaza juu ya lile bao linalofunika shimo la nyuma. Boksi akaliweka mbele yake, nalo akalipiga skrubu hapo hapo. Muziki ukawa mtamu, sikatai. Nikampa na ya soda.

Mwezi uliopita tukawa tunakwenda Morogoro kumrudisha mama mkwe. Mama watoto mbele, mama mkwe na mtoto nyuma, mchele na mabegi vimebanwa kila kona kwa sababu buti lina mwenyewe. Tumeipita Bwawani kama saa kumi na mbili jioni, tairi la nyuma kushoto, pancha. Si jambo la ajabu. Nikakata majani nikayatandaza barabarani kama ilivyo desturi, nikatoa jeki, nikafungua buti nitoe spea.

Bao haliinuki.

Nikavuta. Haliinuki. Boksi limekazwa juu yake, amplifaya imekazwa juu yake, na bao ndilo mfuniko wa spea tairi. Jua linazama, malori yanapita yanatutikisa. Sina bisibisi, nina wili spana tu. Nikamsimamisha kijana wa bodaboda, akanipa bisibisi ya nyota iliyolika ncha. Nusu saa nzima nafungua skrubu kwa tochi ya simu aliyoishika mama mkwe wangu, ambaye tangu Chalinze alikuwa hajasema neno zaidi ya "mnapenda makelele". Nikatoa boksi, nikaliweka kwenye nyasi. Amplifaya nikaing'oa kwa nguvu, skrubu zake zikabaki kwenye bao, waya zinaning'inia. Akapita mwendesha baiskeli, akasimama, akauliza, "Hilo spika bei gani?"

Nikainua bao. Skrubu nne za amplifaya zilikuwa zimetokeza upande wa chini, ndefu kama kidole. Mbili ziligota hewani. Mbili zilikatikia ndani ya ubavu wa spea tairi. Limelala chali, upepo hakuna, limekaa hivyo miezi sijui mingapi. Fundi alitoboa bila kuangalia chini kuna nini. Tulilala Morogoro saa sita usiku baada ya yule bodaboda kulipeleka tairi la pancha Mikese na kulirudisha. Gharama zake sizitaji, naona aibu.

Niliporudi Dar nikamfuata. Nikamwekea lile bao mezani. Akalitazama, akasema skrubu zake yeye ni za inchi moja, hizo si zake. Zile mbili nyingine bado zilikuwa kwenye bao, wakuu! Nikazipima kwa rula mbele yake, inchi mbili kasoro. Akasema, "Sasa bosi, wewe mwenyewe hukuniambia kama kuna tairi." Nimwambie! Mimi ndiye fundi?

Hapo ndipo penye hoja yangu, na mafundi mliomo humu mjibu. Mnachagua pa kufunga kwa kuangalia mkono wenu unafika wapi kwa urahisi. Gari hamliangalii, mwenye gari hamumuulizi. Pale penye urahisi wenu ndipo panapofaa, basi. Tukilalamika, mnahamisha kidonda kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Na nina bahati alitoboa huko nyuma kabisa. Gari nyingi ndogo tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma. Angesogea mbele kidogo na zile skrubu zake ndefu, leo uzi huu ungeandikwa na shemeji yangu.

Nimepelekwa na jamaa kwa fundi mwingine, mzee mmoja ambaye hata kibao hana. Kwanza alifungua bonati. Akanionyesha waya mnene ulipopita kwenye ukuta wa bati kuingia ndani: tundu limetobolewa, halikuwekwa kiraba, ukingo wa bati umekula plastiki mpaka nyuzi zinaonekana. Fyuzi iko wapi? Nyuma kabisa, kando ya amplifaya. Maana yake mita nne na zaidi za waya zenye umeme wa betri zilikuwa hazina ulinzi wowote. Zingegusa bati pale mbele, fyuzi ya nyuma isingejua chochote, waya ungegeuka kaa la moto chini ya kapeti. Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. Akakwangua waya wenyewe kwa wembe: juu shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba juu juu. Mimi nililipia shaba.

Na athi, ule waya unaounganisha amplifaya na bati la gari? Ilikuwa imefungwa kwenye boliti ya mkanda wa kiti. Juu ya rangi. Mzee hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, akaichomoa.

Kazi yake ilichukua siku nzima na alinitoza elfu 90. Kabla ya kutoboa popote aliniuliza mara ngapi kwa mwezi nalaza kiti, na kama nabeba gunia. Amplifaya ameisimamisha ubavuni mwa buti upande wa kulia, juu ya kipande cha plaiwudi, nyuma yake kuna nafasi ya vidole viwili, mapezi yamesimama wima ili joto lipande. Athi fupi, haifiki nusu mita, rangi imekwanguliwa mpaka bati linang'aa. Boksi amelifunga kwa mikanda miwili yenye vifungo: nafungua kwa mkono, naliinua, spea hiyo hapo. Na haliendi popote nikipiga breki. Kilo 20 za mbao na sumaku bila kufungwa, breki za ghafla, hizo zinakuja kisogoni kwako.

Nyongeza, maana inbox imejaa swali moja: boksi lielekee wapi? Mzee hakunijibu kwa mdomo. Aliliacha bila kulifunga, akaweka wimbo mmoja wenye besi, akaligeuza mara nne huku mimi nimekaa kwenye usukani na vioo vimefungwa: spika ikitazama mbele, ikitazama juu, ubavuni, na nyuma. Ikitazama mbele besi ilikuwa nyembamba. Ikitazama mlango wa nyuma, na boksi limeusogelea, ikajaa gari zima, bila kugusa kitufe chochote cha amplifaya. Ila pleti namba ikaanza kupiga kelele kama bati la kuku, akaitia vipande vya sponji kwa nyuma, ikanyamaza. Kwenye gari lenye buti lililojitenga inaweza kuwa tofauti, jaribuni kwenu kabla hamjaruhusu drili iwashwe.

Spea tairi nyingine nimenunua, mtumba, elfu 45. Yule wa Gerezani amenipigia juzi. Nilidhani anaomba radhi. Aliuliza kama ile filta ya elfu 15 siitumii tena, kuna mteja anaitaka.