Nimefanyiwa operesheni kupitia puani, harufu sisikii kabisa

Wakuu, nipo Mikindani, wiki ya 6 tangu nitolewe uvimbe wa tezi ya pituitari (katezi kadogo chini ya ubongo) kwa kamera ya puani. Jana jirani kachoma korosho moshi umejaa uani, macho yananiwasha lakini harufu hamna. Itarudi kweli?

— Pole sana ndugu. Ndani bado kumevimba na kuna magamba makavu, wengi inawarudia baada ya miezi kadhaa. Muulize daktari kama unaruhusiwa kusuuza kwa maji ya chumvi.

— Mi nilinusa karafuu, limau, mkaratusi na waridi, kila kimoja sekunde 20 asubuhi na jioni, miezi 3. Karafuu ndo ilianza kurudi, nililia.

— Ukiinama yakadondoka puani maji maangavu yenye chumvichumvi, usisubiri, wahi hospitali siku hiyohiyo.