Kama ukweli uko upande wangu, kwa nini nijifunze ulumbi?

Mwanamdahalo:
Wadau, habari za saa hizi. Wiki iliyopita nilisimama kwenye mdahalo hoja zote zikiwa mkononi. Takwimu nimezipanga, kila nilichosema naweza kukithibitisha. Mpinzani wangu alikuja na sauti nzuri na visa viwili vitatu, basi. Kura zilipohesabiwa nilikuwa nimeachwa mbali sana.

Tangu siku hiyo nasoma habari za Wagiriki wa kale nikitafuta faraja, na sijaipata. Gorgias, mwalimu wa ulumbi, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, aliyefika Athene mwaka 427 KK akiwa mjumbe wa mji wake wa Leontini kule Sicily, anasema neno ni mtawala mkubwa: mwili wake ni mdogo hata hauonekani, lakini linaondoa hofu, linafuta huzuni, linazidisha huruma. Analifananisha na dawa, kwamba zipo zinazomaliza ugonjwa na zipo zinazomaliza uhai. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake kiitwacho Gorgias, anamjibu kwa kinywa cha mwalimu wake Socrates kwamba ulumbi si sanaa hata kidogo, ni mazoea ya kurairai watu, kama mapishi matamu yanayojifanya tiba. Moyo wangu uko kwa Plato. Nikijifunza ufundi huu, si nitakuwa nimekiri kwamba kweli haitoshi?

Msomaji wa Usiku:
Pole sana ndugu yangu. Rudi kwenye kitabu hichohicho cha Plato. Gorgias anasimulia humo kwamba alikuwa akifuatana na kaka yake, ambaye ni tabibu, kwa wagonjwa waliokataa kunywa dawa au kukatwa. Tabibu ana elimu yote na mgonjwa hataki. Gorgias anazungumza naye, mgonjwa anakubali. Kweli ilikuwepo chumbani tangu mwanzo.

Halafu msome mwanafalsafa Aristotle, aliyekaa miaka 20 katika shule ya Plato. Anasema kweli na haki kwa asili yake zina nguvu kuliko kinyume chake, kwa hiyo hukumu ikienda kombo, wa kulaumiwa ni wasemaji wenyewe. Maneno hayo yaliniuma nilipoyasoma mara ya kwanza, lakini ndiyo jibu la swali lako.

Kasia la Pili:
Naomba nikupeleke Athene mwaka huohuo wa 427 KK, maana kuna kikao ambacho kila nikikikumbuka mwili unanisisimka. Mji wa Mytilene, kisiwani Lesbos, uliwaasi Waathene katikati ya vita vyao na Sparta, na uasi ukazimwa. Baraza la wananchi likakaa na ghadhabu yake likapitisha kwamba wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wawe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri. Kulipokucha watu wakaanza kujuta, na baraza likaitwa tena.

Mwanasiasa Cleon akasimama kutaka adhabu ibaki palepale. Angalia jambo hili: ndiye aliyewakemea wananchi kwamba wamekuwa watazamaji wa hotuba, watumwa wa utamu wa masikio. Mwanamdahalo, anayeushambulia ulumbi kwa nguvu namna ile alikuwa mlumbi hodari.

Kisha akasimama Diodotus kumpinga. Angeweza kuwaliza watu. Kulikuwa na watoto wa kutaja, na wasikilizaji wake walikuwa na majuto tayari. Hakugusa huko. Alisema: hapa si mahakamani, hatutafuti nani ana hatia, tunatafuta lenye faida kwetu. Kifo kimewekwa kuwa adhabu ya makosa mengi na bado watu wanayatenda, kwa sababu tamaa na matumaini huwavuta. Mkiwaua wote hawa, mji utakaoasi kesho hautasalimu amri. Utapigana hadi mwisho, na ninyi mtagharamia mzingiro mrefu ili mrithi magofu yasiyotoa kodi. Zaidi ya hapo, watu wa kawaida wa Mytilene walipopata silaha ndio waliosababisha mji ukabidhiwe. Mkiwaua hao, watu wa kawaida wa kila mji watajua hawana sababu ya kusimama nanyi.

Kura zilikaribiana sana, Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikatumwa, ya kwanza ikiwa imetangulia kwa kiasi cha mchana na usiku. Wajumbe wa Mytilene waliwapa wavuta makasia divai na unga wa shayiri. Wakala wakiwa wanavuta, unga umekandwa kwa divai na mafuta, wakilala kwa zamu. Merikebu ya kwanza ilikuwa ikijikokota, maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kufikisha amri ile. Kamanda wa Waathene kule Mytilene alikuwa ameshaisoma na anajiandaa kuitekeleza pale ya pili ilipoingia bandarini.

Diodotus alijua anaongea na nani: watu walioona aibu kuonekana wameghairi kwa huruma. Akawapa sababu ya kughairi wanayoweza kuitaja hadharani. Wewe mdahalo wako uliuandaa kwa ajili ya nani?

Taa Iliyozimika:
Kaka, usivibeze vile visa viwili vitatu. Katika mahakama za Athene kila mtu alijisemea mwenyewe, mbele ya mamia ya wazee wa baraza, muda ukipimwa kwa saa ya maji. Lysias, mgeni mkaazi, aliishi kwa kuwaandikia wengine hotuba. Mmoja wao ni Euphiletos, aliyeshtakiwa kwa kumuua mwanamume aliyemfumania na mkewe. Anasimulia usiku alioisikia milango ikilia. Asubuhi akauliza kulikoni, mke akajibu taa ya mtoto ilizimika, akaenda kuiwasha kwa jirani. Mume akanyamaza. Lakini aliona uso wa mke umepakwa poda, na kaka yake huyo mwanamke alikuwa hajatimiza siku 30 tangu afe.

Nimeisoma hotuba hiyo mara nyingi na mlango ule bado nausikia. Takwimu zako zipe mlango.

Mwanamdahalo:
Asanteni sana nyote. Kweli niliandaa kwa ajili ya kujithibitishia mwenyewe. Ila nimemsoma Diodotus usiku huu na kuna mahali nimekwama: anasema mji umefika pabaya hata mwenye shauri jema inambidi adanganye ili aaminiwe. Si ndilo lile nililoliogopa?

Kasia la Pili:
Umeliona, na mimi linanisumbua hadi leo. Soma hotuba yake yote ukitafuta hoja aliyoizusha, mimi sijaiona. Alichoficha, kama alificha, ni huruma yake. Na bei aliilipa: kwa kuwa hakuomba msamaha bali hesabu, waliohesabiwa kuwa vinara wa uasi hawakuokolewa. Thucydides, mwanahistoria aliyetuandikia kikao hicho, anasema walikuwa zaidi ya 1,000, na waliuawa kwa pendekezo la Cleon.