Mwenye banda la katuni hapa Lamu, njoo umwambie mwanangu kwamba punda wangu si mtoto wa mtu

Assalam aleikum waungwana. Naandika mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hivyo mkiona herufi zimeruka msianze kunisahihisha. Nisikizeni kwanza.

Mimi ni mtu wa punda. Ninao watatu. Nachukua mawe, mchanga na simiti kutoka gatini kupeleka ndani ya mji, na anayeijua Lamu anajua vichochoro vyetu havipitishi gari, punda ndiye lori. Chakula cha nyumba yangu kinatoka kwenye shogi, yale makapu ya mgongoni mwa punda. Binti yangu mdogo ana miaka 6 na amekulia juu ya migongo ya punda hao. Yule mkubwa tunamwita Kipusa, akipita akamwona mtoto yuko mlangoni anasimama mwenyewe bila kuambiwa. Mbio za punda za Maulidi zilizopita binti alilia mpaka akashikwa na kwikwi, ati kwa nini na yeye asiachiwe kupanda.

Leo ni siku ya 11 mtoto huyohuyo hamkaribii punda. Akisikia kwato kichochoroni anaingia nyuma ya mlango.

Iko hivi. Kuna banda moja mjini, jina silitaji na mwenyewe anajijua, linaonyesha katuni Jumamosi baada ya watoto kutoka chuoni, yaani madrasa. Shuka nyeupe ukutani, projekta, shilingi 50 kwa kichwa. Kibao cha nje kimeandikwa KATUNI ZA WATOTO, basi. Nilimwuliza, katuni gani leo? Akanijibu, "Aa mzee, katuni tu, kale kasanamu ka mbao." Nikalipia binti na binamu zake wawili, nikaondoka mbio kwa sababu mashua ya mawe kutoka Maweni ilikuwa imeshafika na maji yanakupwa. Na mimi sikwepi lawama yangu hapo: shilingi 150 nilitoa nipate nafasi ya kushusha mawe bila mtoto kunizunguka miguuni.

Hako kasanamu ka mbao ni Pinocchio. Sinema ya Marekani, ya kampuni ya Disney, ya mwaka 1940, wengi mmeiona. Na mimi sikuwa na neno nayo, nilidhani ni ile ya kudanganya na pua kurefuka. Usiku ule mtoto alipokataa kulala nikaitafuta kwenye simu nikaitazama mwenyewe, na bando likaisha humo.

Sasa nisikieni. Kuna mzee mnene, uso mwekundu, mcheshi, ana gari la kukokotwa na punda. Anakusanya watoto wa kiume watundu anawapeleka kisiwani. Tena kisiwa cha kuvukwa kwa chombo! Mtoto wa Lamu anaishi wapi, nambieni? Huko wanaambiwa kuleni, vunjeni, vuteni sigara, hakuna mkubwa wa kuwakataza. Halafu wanaanza kuota masikio. Mkia. Kuna mmoja, Lampwick, anajiona kwenye kioo masikio yameshakuwa marefu, anamshika mwenzake kwa mikono miwili anamlilia, na pale pale mtoto anapotazama ile mikono inageuka kwato. Anaita "Mama! Mama!" mpaka sauti inakuwa ya punda.

Sinema nzima ni ya Kiingereza. Binti yangu Kiingereza hajui zaidi ya kuhesabu. Neno moja alilolielewa katika sinema yote ni hilo.

Bado. Yule mzee anawavua nguo wale punda, anawatia kwenye masanduku wakauzwe, wengine migodi ya chumvi, wengine sarakasi. Anawauliza majina. Asiyejibu anapelekwa. Kuna kadogo kamoja bado kanaweza kusema, kanataka kurudi kwa mamake, na kenyewe kanatupwa zizini pamoja na wengine wanaolia. Kisha mjeledi.

Na kitu kinachonitoa moshi ni kwamba basi, imeisha. Mbele huko kuna nyangumi, kuna heri na furaha, kasanamu kanakuwa mtoto wa kweli, babake anafurahi. Wale punda hakuna anayewarudia. Yule mzee hapigwi hata kofi, anaondoka na pesa zake. Binti yangu heri na furaha hiyo hakuiona, binamu yake anasema tangu kwenye kwato alikuwa amejifunika uso kwa buibui lake.

Jumapili alfajiri nilikuwa napakia. Kipusa akagoma pale penye vidaraja, nikamchapa fimbo moja ya matakoni kama siku zote. Nikasikia nyuma yangu, "Baba usimpige, anamwita mamake." Vijana wa gatini wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilipogeuka nikamkuta mtoto anatetemeka, mkojo unamshuka miguuni.

Toka hapo kila punda anayepita naulizwa: huyu ni mwana wa nani? Na Lamu punda wamejaa, nitamjibu wangapi?

Mamake akampeleka kwa maalim, akasomewa, akapewa kombe, yale maji ya aya. Akanywa vizuri, hakukataa. Alipomaliza akauliza kama limebaki kidogo apelekewe Kipusa, ili na yeye arudi.

Jumanne nikaenda kwa mwenye banda. Nilikwenda kwa adabu, wallahi, na salamu nilitoa. Hata kiti hakunipa. "Mzee, ni katuni tu. Mbona watoto wa wenzako hawakulia? Wako mwoga." Kisha akaniambia huko Marekani sinema hiyo imepewa herufi G, maana yake ni ya watu wote, na kwamba mimi na punda wangu hatuwezi kujua kuliko Wamarekani.

Hapo ndipo nilipopandwa. Nikanunua bando jingine nikasoma. Kumbe wakubwa wa mambo hayo wanajua zamani sana kwamba katuni zinatisha. Ile Snow White ya mwaka 1937, yule malkia anayejigeuza ajuza mwenye tofaa la sumu, Waingereza walipoipokea mwaka 1938 waliipa cheti cha mtoto wa chini ya miaka 16 kuingia na mtu mzima. Hiyo ni zamani za mababu, miaka themanini na ushei! Na mwaka 1985 kampuni hiyohiyo ya Disney ilitengeneza The Black Cauldron, ndani yake mfalme mwenye pembe anafufua jeshi la maiti kutoka kwenye chungu. Walipoijaribisha kabla ya kuitoa, watoto waliogopa sana, mkubwa wa studio yao ya sinema akaamuru ikatwe, zikaondoka dakika kama 12. Wenye mali yao walikata. Wewe mwenye shuka na projekta ya kukodi unaniambia ni katuni tu?

Na hapa Kenya usijifanye hujui kuna bodi ya filamu na kuna daraja: GE ya watu wote, PG ya mtoto na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18 za umri. Herufi mbili kuziandika kwenye kibao kwa chaki zinakugharimu nini?

Najua kuna atakayekuja hapa chini na ule wimbo wa "sisi tulikua na hadithi za mazimwi na hatukufa." Ndugu yangu, na mimi nimekua nazo. Bibi yangu alikuwa bingwa. Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea, koroboi moja, sote tumemlalia mapajani. Lakini bibi alikuwa akitutazama macho. Akiona mdogo ameanza kumeza mate, zimwi lilikuwa halifiki mlangoni, linateleza kwenye maganda linaanguka, tunacheka. Na likishameza kijiji kizima, mwisho lazima litapasuliwa na wote watoke, watu, mbuzi, hata kuku. Tulikuwa tunawahesabu wakitoka! Akisahau kuku mmoja tunamkumbusha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wazee, na zimwi la bibi lilitujua kwa majina. Hilo la ukutani linamjua nani? Limejaa shuka nzima, taa zimezimwa, mlango umefungwa wasiingie watoto bila kulipa, na mtu mzima wa pekee wa banda yuko nje anauza juisi ya ukwaju.

Sitaki banda lifungwe. Watoto wafanye nini Jumamosi, waende kuruka gatini? Nataka jina la sinema liandikwe nje tangu asubuhi, mzazi anayetaka kukaa na mwanawe aachiwe akae bure, na ule mlango uwe wazi. Na ile shilingi 150 sitaki kurudishiwa, kwa hivyo anayekuja kuniambia nimekasirikia pesa ajikalie kimya.

NYONGEZA: Kuna aliyenishauri nimwonyeshe mtoto tena pole pole nikimwelezea. Nimejaribu kumwelezea bila kuonyesha. Nikamwambia ile ni michoro, mtu alikaa akachora kwa kalamu. Akafikiri, akaniuliza: basi kwa nini hakuwachorea wakirudi? Sikuwa na jibu.

NYONGEZA 2: Mwenye banda amesoma uzi huu, nimeambiwa, na anasema namharibia biashara. Vizuri. Sasa hivi ni saa nne usiku, punda wa jirani ameanza kulia, wa kwetu amemjibu, na mtoto ameketi kitandani anasubiri nimwambie ni nani anaita. Nyumba yangu unaijua. Njoo umjibu wewe.